UZI: Maneno ya historia na serikali ya Marekani yanayowaponza Waswahili wanaosomea mtihani wa uraia

Mwalimu_wa_Jumamosi

Wakuu, habari za huko mliko.

Kila Jumamosi jioni hukaa na watu wazima wapatao kumi na wawili hapa Ohio, wengi wao mama na baba zetu kutoka Kivu, wachache wa Kigoma na Mombasa, tukijiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Juzi tulikuwa kwenye vita vya uhuru. Nikasema, kama nilivyozoea kusema miaka yote, "Wakoloni walichoka kutawaliwa na mfalme wa Uingereza, wakashika silaha." Mama mmoja wa makamo ya shangazi yangu akaweka kalamu chini. "Mwalimu, mkoloni achoke kutawaliwa? Si yeye ndiye mtawala?"

Darasa zima likanyamaza. Nikaona kumbe nimekuwa nikiwafundisha watu sentensi ambayo kwa Kiswahili haina maana.

Kwetu mkoloni ni yule aliyekuja na bunduki na daftari la kodi akatawala wenyeji. Neno hilo limebeba miaka ya Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji, haliwezi kuitua kwa sababu tu tumehamia sura nyingine ya historia. Waliodai uhuru mwaka 1776 hawakuwa wenyeji wa ardhi ile. Walikuwa watoto, wajukuu na vitukuu wa watu wa Ulaya, Waingereza hasa, waliohamia kuanzia Jamestown, Virginia, mwaka 1607. Neno letu la watu wa namna hiyo lipo siku zote: walowezi. "Walowezi wa makoloni 13 walimwasi mfalme wao." Sasa inasomeka. Na papo hapo swali la pili linakuja lenyewe: wenyeji je, walikuwa wapi? Ukiwaita wote wakoloni, swali hilo hulipati.

Nikiwa hapo hapo kwa wenyeji: vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Tuliache hilo. Mswahili akisikia Mhindi anawaza mtu wa asili ya Bara Hindi, na mzee wangu mmoja alikaa mwezi mzima akiamini kuwa Cherokee walitoka Gujarati. Sema wenyeji asilia wa Amerika, na ukiweza taja taifa lenyewe: Cherokee, Navajo, Sioux. Mtihani wenyewe unataka utaje.

Neno jingine lililotusumbua ni kodi. "Hakuna kodi bila uwakilishi." Kodi kwetu ni ya serikali na ni ya nyumba pia, na kijana mmoja ambaye mwenye nyumba wake alikuwa amempandishia mwezi ule alielewa kuwa Wamarekani waligoma kulipa pango. Kwa usahihi, kilichowasha moto kilikuwa ushuru. Vita vya Miaka Saba viliisha 1763, Uingereza ikabaki na deni kubwa, na Bunge la London likatupa macho Amerika. Mwaka 1765 ikaja Sheria ya Stempu: hati za mahakama, magazeti, leseni, hata karata za kuchezea, vyote vilitakiwa viwe kwenye karatasi yenye muhuri uliolipiwa. Aliyewahi kuandikishiana mkataba wa nyumba Tanzania anaujua ushuru wa stempu. Hao ni ndugu. Sheria ile ilifutwa 1766, lakini siku hiyohiyo Bunge likapitisha nyingine ikisema lina haki ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Na ndani ya Bunge hilo walowezi hawakuwa na mbunge hata mmoja. Huo ndio uwakilishi uliokosekana.

Halafu chai. Usiku wa 16 Desemba 1773, Boston, makasha 342 ya chai yalimwagwa baharini. Kuna wanaotafsiri tukio hilo kuwa Karamu ya Chai ya Boston, na wanafunzi wangu wakauliza ni nani aliyealika. Hapakuwa na karamu, na hata jina hilo la Kiingereza lilizoeleka miaka mingi baadaye. Mimi husema Umwagaji wa Chai Boston. La kuzingatia ni kwamba Sheria ya Chai ya 1773 iliifanya chai ya Kampuni ya India Mashariki ishuke bei. Waliikataa chai ya bei nafuu! Ndani yake ulikuwa bado umo ushuru wa peni tatu kwa ratili, na kuinywa ilikuwa kukubali kwamba London inaweza kuwatoza bila kuwauliza. Nikilieleza hivi, hakuna darasani anayesahau tena uwakilishi ni nini.

Nawaomba wenye uzoefu muongeze. Neno gani la nyumbani liliwapoteza njia?

Binti_Uvira

Jambo kwenu bote. Mimi neno langu ni jimbo. Kwetu Kongo tuko na majimbo 26, Kivu ya Kusini ni moja yao. Nikisoma "majimbo 50 ya Marekani" nikawaza ni kama kwetu: Kinshasa iko juu, majimbo yako chini, basi na Washington vilevile. Bwana yangu ni Mtanzania wa Kigoma. Yeye akisikia jimbo anafikiria mbunge na kampeni, jimbo la uchaguzi. Tulibishana mezani mpaka ugali ukapoa. Ni nani kati yetu alikuwa na haki?

Mwana_wa_Kaunti

Hakuna, dada yangu. Na mngekuwa na Mkenya hapo mezani mngepata jimbo la tatu. Wazee wetu ukiwatajia majimbo wanakumbuka Katiba ya uhuru ya 1963, chama cha KADU kikiyataka na chama cha KANU kikiyapinga, na jinsi yalivyozimwa haraka. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ilipokuja na kaunti 47, tuliupa mpango huo jina la ugatuzi, majimbo tukayaacha yalale.

Sasa msinichanganyie ugatuzi na shirikisho la Marekani. Kaunti zetu zimezaliwa na Katiba ya nchi. Nchi ilikuwepo, ikakata mamlaka, ikayashusha. Kule ni kinyume: Virginia, Massachusetts na wenzao walikuwepo kwanza, kila mmoja na bunge lake na sheria zake, kisha wakakaa wakaunda serikali ya pamoja na kuipa mamlaka yaliyoandikwa. Marekebisho ya Kumi ya Katiba yanasema ambayo hayakukabidhiwa serikali ya shirikisho, wala hayakukatazwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwetu mamlaka yalishuka, kwao yalipanda. Ukilijua hilo hutashangaa kwa nini leseni yako ya udereva inatoka Ohio na wala si Washington, na kwa nini kila jimbo lina sheria yake ya shule.

Mwalimu_wa_Jumamosi

Mkuu umegonga penyewe. Niongezee kitu kimoja kilichonisaidia sana.

Kiingereza cha 1776 kiliposema 'state' kilimaanisha dola, kama Ufaransa ni dola. Azimio la Uhuru linayaita makoloni 13 dola huru, zenye uwezo wa kupigana vita, kufanya amani, kuingia mikataba na kufanya biashara. Kwa hiyo mimi darasani kabla ya 1787 nasema dola, baada ya hapo nasema majimbo. Namna dola zilivyokubali kuwa majimbo ndiyo hadithi yote ya miaka ile.

Kabla ya Katiba ya sasa walikuwa na mkataba mwingine, ulioanza kufanya kazi 1781. Wenyewe waliuita umoja thabiti wa kirafiki. Kila dola ilikuwa na kura moja, kubwa kwa ndogo. Kongresi, yaani bunge lao la pamoja, haikuweza kutoza kodi. Iliomba, na aliyeombwa akitaka alitoa. Kubadili kifungu kulihitaji zote 13 zikubali. Wengi huuita huo nao shirikisho, na hapo mwanafunzi anashindwa kutofautisha na kilichokuja baadaye. Mimi nauita ushirika wa dola. Waliokulia kwenye vyama vya ushirika vya kahawa na pamba wanalielewa mara moja: wanachama ni wengi, kila mtu ana shamba lake, na mweka hazina anasubiri michango.

Ushirika huo uliyumba. Huko magharibi ya Massachusetts, 1786, wakulima waliokuwa wakinadiwa mashamba kwa madeni walizifunga mahakama kwa nguvu, wakiongozwa na watu kama Daniel Shays, aliyekuwa kapteni katika vita vya uhuru. Kongresi haikuwa na fedha wala askari wa kutosha kuingilia. Waliozima uasi walikuwa wanamgambo wa Massachusetts, tena kwa fedha zilizochangwa na matajiri wa Boston. Baada ya hapo hoja ya kuunda serikali yenye nguvu haikuhitaji maneno mengi.

Mei 1787 wakakutana Philadelphia. Wajumbe 55 walihudhuria kwa nyakati mbalimbali, 39 wakatia saini tarehe 17 Septemba. Rhode Island haikupeleka mtu. Halafu jifunzeni neno kuridhia, kwa sababu saini za Philadelphia hazikutosha. Zilihitajika dola 9 kati ya 13 ziridhie, kila moja kwa mkutano wake. New Hampshire ilikuwa ya tisa, 21 Juni 1788. Rhode Island iling'ang'ana hadi 29 Mei 1790, wakati George Washington ameshakaa mwaka mzima madarakani.

Kitukuu_cha_Ujiji

Naunga mkono jina hilo la Azimio la Uhuru. Naona tovuti nyingi zinaandika Tangazo la Uhuru, na mimi naona wanakosea.

Sisi tuna Azimio la Arusha la 1967. Watu walikaa, wakajadili, wakaazimia. Ndivyo ilivyokuwa Philadelphia: kura ya uhuru ilipigwa 2 Julai 1776, maneno ya Azimio yakapitishwa tarehe 4, na wengi wa wale 56 wakatia saini tarehe 2 Agosti. Hilo ni jambo la kikao. Tangazo hutolewa na mwenye mamlaka. Rais Lincoln, 1 Januari 1863, alitoa Tangazo la Ukombozi wa watumwa kwa wadhifa wake wa amiri jeshi mkuu, hakupigiwa kura. Yote mawili yamo kwenye mtihani. Ukiyaita yote tangazo, siku ya usaili utaulizwa moja ujibu jingine.

Mpemba_Maskati

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, ila namfundisha kwa simu mdogo wangu aliyeko Minnesota.

Sisi Wazanzibari tunalo Baraza la Wawakilishi letu tangu 1980. Mdogo wangu akasoma kuwa Marekani nayo ina Baraza la Wawakilishi, akaona basi, ndilo bunge lote. Nikamwambia la, hiyo ni nusu. Kongresi ina mabaraza mawili. Wawakilishi ni 435, muda wao miaka 2, na jimbo lenye watu wengi lina viti vingi. Seneti ni maseneta 100, wawili kila jimbo, liwe kubwa liwe dogo, miaka 6. Ni maridhiano ya 1787 baina ya dola kubwa na ndogo, kila upande ukapata chumba chake. Na hao maseneta, hadi Marekebisho ya 17 ya mwaka 1913, walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Wananchi hawakuwapigia kura. Hapo ile dola ya Mwalimu inaonekana tena: seneta alikuwa kama mjumbe wa dola yake.

Na neno lenyewe Marekani. Bibi yangu alikuwa akisema merikani, na maana yake ni kitambaa, pamba nzito isiyotiwa rangi. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Unguja. Sultani wetu Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, mwaka 1833, na 1837 konsuli wao wa kwanza akaja kukaa Unguja. Kwa hiyo jina la nchi ile liliwafikia wazee wetu likiwa limeviringwa kwenye jora.

Dereva_wa_Masafa

Samahani wakuu, nasema kwa nia njema. Mtihani unataka jibu. Mimi ni dereva wa lori, nilikariri maswali yote kwa Kiingereza nikiwa barabarani, nikapita. Dola, jimbo, ushirika, mtawachosha wazee bure.

Mwalimu_wa_Jumamosi

Kaka, hongera kwa kupita, na wewe umri na Kiingereza vilikubeba. Wanafunzi wangu wengi hawamo humo. Mwenye miaka 50 aliyekaa na kadi ya ukazi wa kudumu miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo miaka 15, anaruhusiwa kufanya sehemu ya historia na serikali kwa lugha yake, na mkalimani. Na mtihani wenyewe umeongezeka: waliopeleka maombi kuanzia 20 Oktoba 2025 wana maswali 128 ya kusomea, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa wapate 12. Wazee wa miaka 65 waliokaa 20 wana orodha fupi ya maswali 20, wanaulizwa 10, wapate 6.

Sasa sikiliza kilichompata baba mmoja wa kundi langu. Aliulizwa mahakama ya juu kabisa ya Marekani ni ipi. Akajibu kwa uhakika, "Mahakama Kuu." Mkalimani akaigeuza neno kwa neno, kama inavyoitwa Kenya na Tanzania, ambako Mahakama Kuu ina Mahakama ya Rufani juu yake. Kwa Kiingereza ikatoka mahakama nyingine kabisa, afisa akaandika kosa. Baba yule alijua jibu. Alijua kuna majaji 9, alijua kwamba 1789 walianza wakiwa 6, alijua hata kesi ya Marbury na Madison ya 1803, ambapo mahakama ilijithibitishia uwezo wa kubatilisha sheria inayokiuka Katiba. Neno moja tu.

Tangu siku ile tunasema Mahakama ya Juu, na Wakenya wanaozoea Mahakama ya Upeo nawaambia wakubaliane na mkalimani kabla hawajaingia ndani.

Dereva_wa_Masafa

Hapo nimekuelewa, Mwalimu. Mama mkwe wangu ana miaka 57, anaingia mwakani. Nitamletea uzi huu.

Dada_Nakuru

Na kura ya turufu? Rais ana kura bungeni?

Mwalimu_wa_Jumamosi

Hana, na ndiyo sababu neno hilo linanisumbua. Turufu ni ya mchezo wa karata, ile inayokula zote, na kura ya turufu inafaa sana kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ambako wajumbe kweli wanapiga kura. Rais wa Marekani hapigi. Analetewa mswada, ana siku 10 bila kuhesabu Jumapili: ausaini, au aurudishe na sababu zake. Na turufu yake inaliwa: theluthi mbili ya kila baraza wakishikilia, mswada unakuwa sheria asitake. Darasani nasema "Rais ameukataa mswada." Kwenye jibu la mtihani tumia turufu, mkalimani atakuelewa.

Kwa kuwa tumetaja mswada: yale marekebisho 10 ya kwanza, yaliyokamilika kuridhiwa 15 Desemba 1791, msiyaite Mswada wa Haki. Kwetu mswada ni kitu ambacho bado hakijapita. Hayo yamepita zamani, na ndiyo yanayomlinda mtu anaposema, anaposali, anapokataa polisi kupekua nyumba bila hati. Sema Hati ya Haki. Vilevile wapiga kura wateule wa rais, ambao Kiingereza huwaita 'Electoral College', msiwatafsiri kuwa chuo. Hakuna anayesoma pale. Ni wajumbe 538 waliochaguliwa jimbo kwa jimbo, na mgombea anahitaji 270.

Kitukuu_cha_Ujiji

Na matawi matatu ya serikali? Mimi nimezoea mihimili.

Mwalimu_wa_Jumamosi

Mihimili, tena bila kusita. Tawi linaota kwenye shina, na wanafunzi huuliza shina ni lipi, wengine wanadhani ni Rais. Mihimili inasimama kila mmoja kivyake na paa ni moja: Kongresi inatunga, Rais anatekeleza, mahakama zinatafsiri. Waandishi wa Katiba walitaka hasa kila mhimili uweze kuuzuia mwingine.

Mama_wa_Daftari

Mwalimu, ni mimi niliyeuliza juu ya mkoloni. Binti yangu ananiandikia.

Nimesoma yote. Iko kitu nataka kuuliza kabla ya Jumamosi. Kwenye karatasi uliyotupa ya Katiba, pale wanahesabu watu kwa ajili ya viti vya wawakilishi, wanahesabu watu huru, halafu wanasema "tatu ya tano ya watu wengine wote". Watu wengine wote ni nani? Kama ni watu, kwa nini ni tatu ya tano?

Mwalimu_wa_Jumamosi

Mama, ni watumwa. Waafrika wa kwanza waliletwa Virginia mwishoni mwa Agosti 1619, watu ishirini na kitu, waliotekwa Angola. Wiki chache kabla yake, Julai ya mwaka uleule, bunge la kwanza la walowezi lilikuwa limeketi Jamestown. Vitu viwili vilianza pamoja mahali pamoja.

Mwaka 1787 dola za kusini zilitaka watumwa wahesabiwe wote ili zipate viti vingi, ingawa mtumwa hakuruhusiwa kupiga kura. Za kaskazini hazikutaka. Wakakubaliana tatu ya tano. Kila watumwa watano wakaongeza watu watatu kwenye hesabu ya bwana wao, na wenyewe hawakupata kitu. Wakakubaliana pia kuwa Kongresi haitapiga marufuku kuingizwa kwa watumwa kabla ya 1808. Na katika Katiba yote ile hawakuandika neno mtumwa hata mara moja. Waliandika "watu wengine wote", wakaandika "mtu anayewajibika kutoa huduma au kazi". Neno utumwa liliingia kwenye Katiba mara ya kwanza 1865, Marekebisho ya 13, siku walipoupiga marufuku.

Mama_wa_Daftari

Aksanti Mwalimu. Nimefuta "watu wengine wote" kwenye daftari yangu, nikaandika watumwa. Afisa akiniuliza nitajibu hivyo, na mkalimani asinibadilishie.